Kufufua gari la kispoti la zamani mjini Kigali: breki kwanza, injini baadaye

Gari lililolala miaka mingi haliamshwi kwa ufunguo. Huamshwa kwa mkono, polepole, na mtu aliyekwisha kujua ni kipi kilichokauka, ni kipi kilicholiwa na kutu na ni kipi kingali kizima. Kanuni hiyo ni ya gari lolote, lakini ina uzito zaidi kwa magari ya kispoti ya miaka ya 1960 na 1970, ambayo yalitengenezwa ili yaende mbio. Ina uzito zaidi tena katika mji wa vilima kama Kigali, ambako barabara isipopanda, basi inashuka.

Makala haya yanaeleza jinsi mwenye gari la namna hiyo anavyoweza kufufua sehemu zake za mitambo nyumbani kwa zana za kawaida, na ni wapi anapaswa kusimama na kuwaachia kazi wenye karakana. Hatutazungumzia rangi wala viti. Tutazungumzia breki, mafuta, umeme wa kuwashia na injini yenyewe, kwa mpangilio huo, kwa sababu mpangilio ndio unaotenganisha mradi unaofika barabarani na mradi unaoishia uani chini ya turubai.

Gari lililoijua barabara ya Afrika Mashariki

Tutachukua mfano wa Datsun 240Z. Gari hili la milango miwili lilianza kuuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 1969. Lina injini ya silinda sita zilizopangwa kwa mstari mmoja, yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,393, na hulishwa petroli na kabureta mbili. Magurudumu ya mbele yana breki za diski, ya nyuma yana breki za ngoma. Halina kompyuta hata moja. Kila kitu ndani yake kinaweza kuonekana kwa jicho, kushikwa kwa mkono na kupimwa.

Tumelichagua kwa sababu eneo letu linalijua. Mashindano ya Safari, yaliyoanza mwaka 1953 katika barabara za Kenya, Uganda na Tanganyika, yalikuwa miongoni mwa mitihani migumu kuliko yote ambayo gari lingeweza kupewa duniani. Datsun 240Z iliushinda mtihani huo mwaka 1971 mikononi mwa Edgar Herrmann na Hans Schüller. Iliushinda tena mwaka 1973 mikononi mwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, baada ya kumaliza kwa pointi sawa na Datsun nyingine iliyoendeshwa na Harry Källström. Mehta alikuja kushinda Safari mara tano kwa jumla. Kabla ya hapo, na baada yake, Peugeot 404 na 504, Ford Escort na Mitsubishi Lancer nazo zilijipatia jina katika vumbi na matope hayo hayo.

Tangu mwaka 2003 magari ya zama hizo yamekuwa yakirudi mbioni katika Safari ya magari ya kale inayoandaliwa Kenya. Hilo linathibitisha jambo moja: gari la miaka 50 likitunzwa na fundi anayelielewa, bado linaweza kuvumilia barabara za nchi zetu. Mengi tutakayoyaeleza hapa yanafaa pia kwa Peugeot 504 iliyoachwa na babu, au kwa Volkswagen kobe iliyosimama nyuma ya nyumba.

Mambo matatu ambayo Kigali inamwongezea fundi

La kwanza ni upande wa usukani. Rwanda huendesha upande wa kulia wa barabara, na usukani wa gari huwa kushoto. Majirani zetu wa Uganda, Tanzania na Kenya hufanya kinyume. Kwa hiyo vipuri vinavyopatikana kwa urahisi Kampala au Nairobi havifai vyote. Sehemu za injini, giaboksi na breki za magurudumu zinaweza kufanana kabisa, lakini mfumo wa usukani na mpangilio wa kanyagio mara nyingi hutofautiana. Kwa upande wa Datsun 240Z, nyingi ziliuzwa Marekani, zikiwa na usukani kushoto. Hivyo vipuri vya usukani vitafutwe huko, na vya injini vinaweza kutafutwa karibu zaidi, kwani jamii hiyo ya injini ilitumika pia katika magari mengine ya Nissan.

La pili ni milima. Gari linalotelemka kutoka Shyorongi kuelekea bonde la Nyabugogo hutumia breki kwa muda mrefu mfululizo, na kila mkanyago hugeuza mwendo kuwa joto. Breki iliyotosha katika barabara tambarare ya pwani inaweza isitoshe hapa.

La tatu halionekani kwa macho, nalo ni hewa. Kigali iko zaidi ya mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Shinikizo la hewa hapa ni pungufu kwa takriban sehemu moja ya sita likilinganishwa na la Dar es Salaam au Mombasa. Gari la kisasa hupima hewa hiyo lenyewe na kupunguza petroli. Gari la kabureta halijui kwamba limepanda mlima. Tutaona kwamba jambo hili hugusa injini, maji ya rediata na hata breki.

Kabla ya kufungua nati ya kwanza

Kosa la kawaida la mtu mwenye shauku ni kuunganisha betri mpya na kujaribu kuliwasha gari. Ndani ya silinda zilizokaa miaka bila kuzunguka, ringi za pistoni huweza kushikwa na kutu kwenye ukuta wa silinda. Stata ikilazimisha, ringi huvunjika na ukuta huchubuka. Kazi iliyohitaji vijiko vichache vya oili sasa itahitaji injini kufunguliwa yote.

Njia salama ni hii. Ondoa plagi zote sita, ambazo hapa Kigali wengi huziita buji. Mimina kijiko kimoja au viwili vya oili safi katika kila silinda, kisha uache kwa siku kadhaa. Hakikisha gia haijaingia, weka spana kwenye bolti kubwa iliyo mbele ya injini na uizungushe taratibu kwa mkono kuelekea upande ambao injini huzungukia. Ikikwama, usiilazimishe, ongeza oili na ungoje. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kugonga kitu, una habari njema.

Hatua inayofuata ni kupima mgandamizo wa kila silinda kwa kipimo kinachofungwa mahali pa plagi. Hapa mwinuko wa Kigali unaweza kumdanganya fundi. Injini inayosoma bar 12 ikiwa pwani itasoma karibu bar 10 ikiwa hapa, ingawa ni nzima, kwa sababu hewa inayoingia ni nyepesi. Kinachopaswa kuangaliwa zaidi ni tofauti baina ya silinda na silinda. Iliyo dhaifu kuliko zote isipungue asilimia 80 ya iliyo na nguvu kuliko zote. Ikipungua, mimina kijiko kidogo cha oili ndani yake na upime tena. Kipimo kikipanda, ringi zimechoka. Kisipopanda, tatizo liko kwenye valvu au kwenye gasketi ya kichwa cha silinda. Kwa dakika chache na kifaa cha bei nafuu, mwenye gari ameshajua kama injini inahitaji kufunguliwa au la.

Wakati wote huo, piga picha za kila waya, kila mpira na kila bomba kabla ya kuvitoa. Weka bolti za kila sehemu katika kopo lake na uandike jina juu yake. Simu ya mkononi imekuwa zana muhimu kama spana, kwa maana kumbukumbu ya mtu aliyefungua kabureta mwezi Machi haitamtosha atakapoifunga mwezi Agosti.

Breki, ambazo hazisubiri

Watu wengi huanza na injini kwa sababu mngurumo wake ndio ndoto yao. Lakini injini isiyowaka haimuui mtu. Breki isiyoshika huua, naye anayeuawa si lazima awe mwenye gari. Kwa hiyo katika mji wetu breki, au feri kama wengi wanavyoziita hapa, ndizo kazi ya kwanza.

Mfumo wenyewe ni rahisi kuuelewa. Mguu husukuma kanyagio, kanyagio husukuma pistoni ndogo ndani ya silinda kuu, na mafuta ya breki hupeleka msukumo huo hadi kwenye magurudumu. Kwa kuwa kimiminika hakibanwi kama hewa, msukumo wote hufika. Adui wa mfumo huu ni maji. Mafuta ya kawaida ya breki hunyonya unyevu wa hewani kidogo kidogo kwa miaka. Unyevu huo huleta madhara mawili: hutia kutu ndani ya silinda, na hushusha kiwango cha joto ambacho mafuta huchemkia.

Takwimu zinaeleza hatari hiyo vizuri. Mafuta ya daraja la DOT 4 yakiwa mapya hayapaswi kuchemka chini ya nyuzi joto 230 za Selsiasi. Yakishanyonya unyevu, kiwango kinachodaiwa hushuka hadi nyuzi 155. Kwa DOT 3 ni nyuzi 205 yakiwa mapya na 140 yakiwa na unyevu. Katika mteremko mrefu joto hilo hufikiwa. Mafuta yakichemka hutoa mvuke, na mvuke hubanwa kama hewa. Dereva hukanyaga, kanyagio huzama hadi sakafuni, na gari haliitikii. Ndiyo maana mafuta ya breki hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hivi hata kama gari halitembei.

Katika gari lililolala, fungua silinda kuu na silinda za magurudumu uangalie kuta zake za ndani kwa taa. Zikiwa laini na zinang'aa, badilisha mipira tu. Zikiwa na vishimo vya kutu, usijidanganye kwa kuzisugua kwa msasa. Mpira mpya utakatwa na vishimo hivyo. Tafuta silinda nyingine, au mpelekee mkerezaji mzoefu aitoboe na kuitia bomba jipya la chuma kwa kipimo cha awali. Mabomba ya mpira yanayokwenda magurudumuni yabadilishwe yote bila mjadala. Huvimba kwa ndani huku nje yakionekana mazima, na matokeo yake ni gurudumu moja kukamata wakati jingine limelegea.

Yapo mambo mawili yasiyosamehewa. La kwanza ni kusafisha sehemu za breki kwa petroli au kuongeza oili ya injini kwenye kikopo cha breki. Mafuta ya namna hiyo huvimbisha mipira yote ya mfumo, na kazi huanza upya. Tumia mafuta safi ya breki au spiriti. La pili ni kupuliza vumbi la breki za zamani kwa mdomo au kwa pampu ya hewa. Pedi na viatu vya breki vya miaka hiyo mara nyingi vilitengenezwa kwa asibesto, madini ambayo nyuzi zake zikivutwa mapafuni husababisha saratani miaka mingi baadaye. Lowesha vumbi hilo kwa maji, lifute kwa kitambaa, kifunge kitambaa hicho katika mfuko ukitupe, na uwaweke watoto mbali na mahali pa kazi.

Datsun 240Z ina pia kisaidizi cha breki, lile pipa la bati lililo nyuma ya silinda kuu. Hufanya kazi kwa kutumia ombwe la injini upande mmoja na shinikizo la hewa ya kawaida upande wa pili. Kwa kuwa hewa ya Kigali ina shinikizo dogo, msaada huo nao hupungua, na kanyagio huwa zito kidogo kuliko pwani. Huo si ugonjwa, ila ni sababu nyingine ya kuhakikisha kwamba pipa halivuji na kwamba bomba lake si la kale.

Mfumo ukishafungwa, hewa iliyobaki ndani itolewe. Kazi hii huhitaji watu wawili, mmoja kwenye kanyagio na mwingine kwenye gurudumu, na kwa kawaida huanza na gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Ni nafasi nzuri ya kumfundisha kijana wa nyumbani, maana atausikia kwa mguu wake mwenyewe wakati ambapo kanyagio laini linageuka kuwa gumu.

Petroli, hewa na umeme

Petroli iliyokaa miaka huacha gundi na harufu kali. Tangi litolewe, limwagwe, lioshwe na likaguliwe kwa kutu. Tangi lililokuwa na petroli lisichomelewe kamwe nyumbani. Mvuke uliobaki ndani hulipuka hata kama tangi linaonekana tupu na kavu. Mipira yote ya petroli ibadilishwe na kichujio kipya kiwekwe.

Kabureta za gari hili ni za aina ambayo pistoni ndogo hupanda na kushuka kwa nguvu ya hewa, ikiinua sindano nyembamba iliyo ndani ya jeti. Kadiri sindano inavyopanda, ndivyo nafasi ya petroli inavyoongezeka. Kuifungua si kazi ya kutisha: safisha chemba ya boya, hakikisha sindano haijapinda, na hakikisha pistoni hushuka yenyewe kwa ulaini bila kukwama.

Baada ya hapo ndipo mwinuko unapodai haki yake. Kabureta iliyorekebishwa Mombasa hutoa petroli nyingi mno kwa hewa ya Kigali. Dalili zake ni moshi mweusi, harufu ya petroli na masizi makavu meusi kwenye ncha za plagi. Katika kabureta za mwanzo za 240Z kuna nati chini ya kila jeti. Kuizungusha ili jeti ipande hupunguza petroli. Zungusha kidogo sana kila mara, kiasi kile kile kwa kabureta zote mbili, kisha uzitazame tena plagi baada ya safari fupi. Ncha yenye rangi ya kahawia hafifu ndiyo inayotafutwa. Ili kujua kama kabureta zote mbili zinavuta hewa sawa, weka ncha moja ya mpira mwembamba mdomoni mwa kabureta na nyingine sikioni. Mlio ukiwa sawa pande zote mbili, uwiano umepatikana.

Hata baada ya marekebisho hayo, mwenye gari asitarajie nguvu zote alizozisoma kitabuni. Hewa nyepesi hupunguza nguvu ya injini ya kabureta kwa takriban asilimia 15 katika mwinuko wa Kigali, na hakuna nati itakayozirudisha.

Umeme wa kuwashia ni rahisi zaidi. Ndani ya distributa mna pointi mbili ndogo zinazogusana na kuachana, na kila zinapoachana cheche moja huzaliwa. Nafasi yake ni milimita 0.45 hadi 0.55. Zikiwa nyeusi husafishwa au hubadilishwa. Waya za plagi zirudishwe kwa mpangilio wa injini hii: 1, 5, 3, 6, 2, 4. Waya mbili zikipishana mahali, injini itatetema au itakataa kuwaka kabisa.

Kuna wanaohofia petroli ya siku hizi. Nchi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara ziliacha petroli yenye risasi kufikia mwanzoni mwa mwaka 2006, na risasi hiyo ilikuwa ikilinda makalio ya valvu katika injini za zamani zenye kichwa cha chuma cha kalibu. Injini ya 240Z ina kichwa cha alumini ambacho makalio ya valvu yamepachikwa humo kama pete za metali nyingine, hivyo hofu hiyo ni ndogo. Mwenye gari la aina nyingine achunguze kichwa chake kimetengenezwa kwa nini kabla ya kuendesha safari ndefu.

Injini: lipi ni la nyumbani na lipi ni la mkerezaji

Kama kipimo cha mgandamizo kilikuwa kizuri, injini isifunguliwe. Badilisha oili na kichujio, badilisha maji na mipira ya rediata, kisha rekebisha nafasi za valvu. Injini ikiwa ya moto, nafasi hizo ni milimita 0.25 kwa valvu za kuingizia na 0.30 kwa za kutolea. Hiyo ni kazi ya asubuhi moja.

Rediata inastahili uangalifu wa pekee. Katika mwinuko wa Kigali maji yaliyo wazi huchemka karibu na nyuzi 95, si 100. Kinachoyazuia yasichemke mapema ndani ya gari ni kifuniko cha rediata, ambacho hushikilia shinikizo. Kifuniko chenye mpira uliochoka huonekana kitu kidogo, lakini mlimani kinaweza kuua gasketi ya kichwa, na kichwa cha alumini kilichopata moto mno hupinda. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Ikiwa lazima kichwa kifunguliwe, kazi ya kukitoa na kukirudisha inaweza kufanyika nyumbani, kwa kufuata kitabu cha gari na kwa spana ya kupimia nguvu ya kukaza. Bolti hukazwa kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, si moja moja hadi mwisho. Lakini kunyoosha uso wa kichwa, kupanua silinda na kusaga krankshafti ni kazi za mashine, na zinataka mkono wa mkerezaji. Hapo fedha za mwenye gari hutumika vizuri zaidi kuliko mahali pengine popote. Asione haya kumuuliza fundi amwonyeshe vipimo kabla na baada ya kazi. Fundi anayepima huwa na namba za kuonyesha.

Usalama wa uani

Jeki ni ya kuinulia gari, si ya kulishikilia. Hakuna mtu anayepaswa kuingia chini ya gari lililoinuliwa kwa jeki peke yake, wala lililoegemezwa juu ya matofali, ambayo hupasuka bila onyo. Tumia stendi za chuma juu ya sakafu ngumu na iliyo sawa, na uzibe magurudumu yaliyobaki chini kwa vigingi. Katika viwanja vyetu vyenye mteremko, tahadhari hii si ya kupuuzwa.

Oili chafu nayo isimwagwe mferejini. Mifereji ya Kigali huishia katika mabonde na ardhi oevu, na kutoka huko maji huelekea Nyabugogo na mto Nyabarongo. Mji umekuwa ukigharimika kurejesha ardhi hizo oevu, na lita chache za oili huharibu maji mengi. Ikusanye katika dumu na uipeleke kwenye gereji inayokabidhi oili chafu kwa wanaoishughulikia kihalali.

Ufundi na lugha yake

Anayeshuka Gatsata kutafuta vipuri atasikia lugha tatu au nne katika jua moja. Atasikia Kinyarwanda, maneno ya Kifaransa yaliyovaa sauti za hapa, Kiingereza cha kwenye maboksi ya vipuri, na Kiswahili. Si ajabu. Tangu enzi za ukoloni Kiswahili kilikuwa hapa lugha ya wafanyabiashara, madereva na mafundi, na mitaa ya Biryogo na Nyamirambo ikawa maskani ya wengi wao. Mwaka 2017 Bunge la Rwanda lilipitisha sheria iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi, lakini spana, bisibisi na jeki zilikuwa zimekwisha kutaja majina yao muda mrefu kabla ya sheria hiyo.

Ufundi huo sasa uko njia panda. Mwaka 2018 Volkswagen ilifungua kiwanda cha kuunganishia magari hapa Kigali, na mwaka uliofuata ilianza majaribio ya magari ya umeme. Pikipiki za umeme zinazidi kuonekana mitaani. Ni maendeleo, na hewa ya mji itafaidika. Lakini gari jipya likiharibika, mara nyingi kisanduku kizima hutolewa na kingine huwekwa. Kijana anayejifunza kwa njia hiyo hujua kubadilisha. Huenda asijue kwa nini kilichoharibika kiliharibika. Mzee aliyezoea kusikiliza kabureta kwa kipande cha mpira anaondoka na ujuzi wake ikiwa hakuna gari la kuufundishia. Gari la zamani uani, basi, laweza kuwa darasa ambalo hakuna chuo kinachotoza ada yake, mradi yupo wa kufundisha na yupo wa kushika taa.

Siku ya kutoka

Kabla ya gari kuingia barabarani, lifikishwe katika kituo cha ukaguzi wa magari cha Polisi ya Taifa kilichopo Remera, au kituo kingine kilichoidhinishwa. Mashine za huko hupima breki gurudumu kwa gurudumu na kuonyesha tofauti ambazo mguu wa dereva hauwezi kuzihisi. Mwenye gari asiuchukulie ukaguzi huo kama kero ya kisheria. Kwa aliyefunga breki zake mwenyewe, hiyo ndiyo mara ya kwanza kazi yake kusahihishwa na mwingine.

Safari ya kwanza iwe fupi, asubuhi, kabla ya msongamano, katika barabara isiyo na mteremko mkubwa. Simama mara kwa mara, gusa rimu za magurudumu uone kama moja ni la moto kuliko mengine, tazama chini kama kuna kinachodondoka, na kagua kikopo cha mafuta ya breki. Ukishuka mlima, tumia gia ndogo ili injini isaidie kulizuia gari. Ukirudi nyumbani, kaza tena kila ulichokifunga. Mlima wa Shyorongi utakuwepo wiki ijayo. Nenda siku ambayo kanyagio limebaki gumu pale pale ulipoliacha.